Kosa Langu, Kombe la Bi Mwanarusi

Mliponiacha nilikuwa nimepiga magoti ndani ya Subaru, waya mmoja nimeuchomeka chini ya usukani, ncha yake ya pili kwenye laptopu, na mwanangu Mumo yuko mgongoni ananinyonyoa nywele.

Kwa aliyekosa gazeti, nitasema kwa ufupi. Mume wangu Kioko alinunua gari, akalitia tabo kubwa ya kusukuma hewa na nozeli kubwa za mafuta, kwa uchu wa kiume ambao sina haja ya kuueleza. Fundi aliyeahidi kuja kuifundisha kompyuta ya injini vyombo hivyo vipya akapotelea Nairobi na simu yake. Gari likawa kama mtu aliyepewa mapafu ya ng'ombe: linakoroma, linatoa moshi mweusi, linazimika kila penye mzunguko wa barabara. Nami, mwenye cheti kimoja tu cha kompyuta cha darasa la jioni, nikasema nitaifundisha mwenyewe.

Bwana Gaffar, mwenye karakana ukingoni mwa Mji wa Kale, alinicheka miezi miwili. Wa tatu akaacha kucheka.

"Mama Mumo," akaniambia, "Jumapili twende Shimanzi. Gari likipanda mpaka gia ya tatu, mguu chini kabisa, bila injini kugonga, Jumatatu uje kazini. Na mtoto uje naye. Mimi fundi wa spana ninao sita. Wa kompyuta sina hata nusu."

Sikulala kwa furaha. Maana Kioko alikuwa ameshakata shauri: nikikosa kazi, mwisho wa mwezi mimi na Mumo tukakae kwa mamake Kibwezi, naye abaki hapa akilala kwenye yadi ya makontena anakofanya kazi. Si ubaya wake, ni maisha. Lakini Mumo ana mwaka na miezi mitatu. Ndiyo kwanza amejua kusema "baba," na sikutaka awe akiuambia ukuta.

Basi ikafika Jumapili. Sikwenda kanisani, Mungu anisamehe. Na hilo ndilo dogo katika nitakayoyakiri leo.

*

Sisi tunaishi Kuze, ghorofa ya kwanza. Chini anakaa mwenye nyumba, Bi Mwanarusi, mama wa makamo yaliyopita, mjane, mwenye ulimi wa asali na ukali wa pilipili. Mumo ni kama mjukuu wake. Mimi ni kama mtoto aliyeletewa bila kuulizwa, akampokea vivyo hivyo.

Kichochoro chetu hakiingizi gari. Kioko huliegesha mdomoni mwa kichochoro, na asubuhi hiyo tulimkuta Bi Mwanarusi amesimama hapo hapo na buibui lake, chupa mkononi.

"Gari hili lina kitu," akasema. "Chombo hakikohowi hivi bure."

"Ni kompyuta tu, Bi Mwanarusi," nikamwambia. "Nimeshaisawazisha."

"Kompyuta kwako. Kwangu mimi ni kijicho cha watu. Nimekwenda kuandikiwa kombe."

Chupani mlikuwa na maji ya rangi ya chungwa: aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa marashi. Watu huyanywa, huyaoga. Sisi wa bara tunaoishi hapa tumeshazoea, na siku Mumo alipokuwa halali, hata mimi niliyapokea kwa mikono miwili.

"Haya, tuombee," Kioko akacheka, "maana hata pasta wetu ameshindwa."

Nikakumbuka nimesahau chaja. Nikapanda juu mbio. Niliporudi, Bi Mwanarusi alikuwa nyuma ya gari, chupa imekwisha, na Mumo mkononi mwake amelowa utosi.

"Nendani," akasema. "Mungu awaongoze ndia."

*

Shimanzi siku ya Jumapili si Shimanzi. Malori yamelala, maghala yamefungwa, barabara imenyooka kama imepigwa pasi.

Kioko kwenye usukani. Mimi kando yake, laptopu mapajani. Bwana Gaffar nyuma, kanzu yake ameikunja magotini asiichafue.

Gia ya kwanza, safi. Gia ya pili, tabo ikapuliza, nikasikia mgongo wangu umebanwa kwenye kiti. Bwana Gaffar akasema, "Masha Allah."

Gia ya tatu. Kioko akakanyaga mpaka chini.

Krrrrrr.

Aliyewahi kutikisa kokoto ndani ya kopo la maziwa anaijua sauti hiyo. Ni moto unaowaka ndani ya injini kabla ya wakati wake, unapiga pistoni kichwani kama nyundo. Ukiuacha dakika chache, pistoni hutoboka na injini inakwisha.

"Achia! Achia!" nikapiga kelele.

Kioko akaachia. Tukabingirika kimya hadi ukutani mwa ghala moja. Pale alikuwa ameegesha Chonga, dereva wa tuktuk wa mtaani kwetu, ananyonya chungwa.

"Mama kompyuta!" akaita. "Mwajenga wapi? Naona mmebeba kokoto!"

Hakuna aliyecheka. Bwana Gaffar akashuka, akazunguka gari, akafungua buti. Akatoka na ile chupa tupu. Akainusa.

"Hii ni marashi," akasema. "Nani ametia marashi gari?"

*

Tulirudi mwendo wa jeneza. Bi Mwanarusi alikuwa mdomoni mwa kichochoro, Mumo amelala begani mwake. Wanaume watano walikuwa barazani na vikombe vya kahawa. Kwetu Kuze jambo halitokei bila baraza.

"Bi Mwanarusi," Bwana Gaffar akaanza kwa adabu, "chupa hii yako?"

"Yangu."

"Hilo kombe ulilitia wapi?"

Bi Mwanarusi akamweka Mumo vizuri begani. Akamtazama Kioko. Akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu, nami sijui aliona nini usoni mwangu. Kisha akasema, waziwazi, kila mtu akasikia:

"Nimelitiya tangini."

"Tangini? Tangi la petroli?"

"Nasema tangini. Kwani kuna tangi jingine?"

Baraza likaangua kicheko. Mmoja alimwaga kahawa.

"Ya Rabbi! Petroli imesomewa!"

"Kesho gari litaadhini!"

Kioko hakucheka. "Nyanya, umetuua," akasema. "Mke wangu amekesha miezi mitatu. Umemmalizia kazi yake kwa chupa moja."

Bi Mwanarusi akainamisha kichwa. Mwanamke ambaye hata mwenyekiti wa mtaa humjibu akiwa amesimama, akainamisha kichwa.

Bwana Gaffar akashusha pumzi. Nilimwona uso ukimlegea. Mtu aliyekuwa akitafuta sababu, akaipata. "Basi hakuna neno. Petroli ikichafuka, injini itagonga, hata ukiiandikia kompyuta yake jedwali la malaika. Gari naondoka nalo sasa; kesho tunamwaga tangi lote. Jumanne saa kumi tunajaribu tena. Mama Mumo, jedwali lako usiliguse. Kosa si lako."

Njiani kupanda ngazi Kioko akanishika bega. "Nilijua si wewe," akasema.

Tangu tuoane hakuwahi kuniambia neno tamu kama hilo.

*

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoanza kuwa mtu nisiyempenda.

Mumo alipolala adhuhuri, nikafungua laptopu. Kila gari likiendeshwa na waya umechomekwa, kompyuta huandika yote: kasi, hewa, mafuta, cheche. Na injini ina kifaa kidogo kama sikio. Likisikia kugonga, nako huandikwa, kwa rangi nyekundu.

Nikaifungua kumbukumbu ya Jumapili. Nyekundu, kama nilivyotarajia.

Chini yake palikuwa na ya Jumamosi. Jumamosi Kioko alikwenda Makupa kuchukua tairi la akiba, nami nilimwachia laptopu ikirekodi. Sikuwa nimeisoma. Mumo alikuwa anaota meno, mkono mmoja una kijiko cha dawa na mwingine una mtoto. Nikasema nitaisoma baadaye.

Nikaifungua.

Nyekundu.

Nyekundu mara saba, pale pale penye gia ya tatu. Kioko hakusikia kwa sababu redio ilikuwa juu. Jumamosi! Siku nzima kabla ya kombe, kabla hata ya sahani kuoshwa.

Nikafungua jedwali la cheche, lile linaloiambia injini iwashe moto lini. Safu mbili za mwisho, zile za mguu chini kabisa, sikuzitunga mimi. Nilizinakili kwa Mjapani mmoja mtandaoni mwenye gari kama letu na tabo kama yetu. Nilijua kabisa petroli ya kwao huvumilia moto ambao ya vituo vyetu haivumilii. Nilikusudia kunakili, kisha nipunguze nyuzi nne ili moto uchelewe kidogo. Nikanakili. Mumo akalia. Nikahifadhi. Sikurudi.

Kosa lilikuwa langu, tangu mwanzo hadi mwisho.

Mtanikemea: si ungeshuka ngazi kumi na nne ukaseme? Ngazi nilizihesabu. Nilishuka tatu. Kutoka chini nikamsikia Kioko anamsimulia mtu kwenye simu: "Mke wangu? Ana akili huyo! Kazi yake haina doa, ni yule ajuza tu..."

Nikapanda zile tatu.

Nikajiambia, nitarekebisha kimya kimya. Nikapunguza nyuzi nne, nikahifadhi faili jipya. Kilichobaki ni kulipeleka ndani ya gari, dakika nne tu, na gari liko kwa Bwana Gaffar. Jumanne nitatangulia kabla ya saa kumi, nitachomeka waya, litapanda gia ya tatu kama siagi, nami nitapata kazi. Hakuna atakayejua. Na Bi Mwanarusi, nikajiambia, mtu mzima, maneno yatamwishia.

Hayakumwishia.

Jumatatu alikwenda dukani kununua majani ya chai. Nilikuwa nyuma yake. Muuzaji akamwambia, "Bi Mwanarusi, ukipika usitie kombe, birika litagonga!" Duka zima likacheka. Akaweka majani kaunta, akatoka bila kuyachukua.

Jioni hakukaa barazani. Dirisha lake lilikuwa limefungwa. Kioko alimpita mlangoni bila salamu, nami nilikuwa nyuma ya Kioko.

Nilimsalimu, mimi. "Hujambo, Bi Mwanarusi?"

"Sijambo mwanangu," akajibu kutoka ndani. Akanyamaza kidogo, kama mtu anayengoja aongezewe kitu. Sikuongeza.

*

Jumanne, saa nane u nusu, nikashuka na Mumo mgongoni na laptopu kwapani. Nilitaka nimwache mtoto kwa Bi Mwanarusi, kama kawaida, nikimbie karakana.

"Hodi."

"Ndoo, ingia, mwanangu. Mlango u wazi."

Alikuwa ameketi kitandani gizani, mchana wote huo. Mkekani palikuwa na kikombe cha maji moto matupu. Majani ya chai hakuwa nayo.

Nilikiona kile kikombe cha maji, na yote niliyokuwa nimeyapanga yakaanguka. Nikakaa chini sakafuni kama mtoto.

"Bi Mwanarusi, nina neno."

"Sema."

"Kombe lako halikuharibu gari."

"Najuwa."

Nikadhani hakunisikia. "Nasema, kosa ni langu. Nilinakili tarakimu za mtu, nikasahau kuzipunguza. Gari lilikuwa likigonga tangu Jumamosi. Nimelijua Jumapili, na nimenyamaza siku mbili."

"Nami nakwambiya najuwa. Ntakosaje kujuwa, na sikulitiya?"

Mumo akapiga chafya.

"Hukulitia?"

"Mimi! Tangi silijuwi hata liko upande gani. Nimenyunyiza magurudumu, nikampaka mtoto utosini, chupa nikaitupia huko nyuma pamefunguka."

"Sasa kwa nini ulisema...?"

"Kwa sababu nimekuona uso, Ndinda. Gaffar auliza, na wewe uso wako umekuwa mweupe kama nazi. Wanaume watano na kahawa zao. Nikasema, huyu mtoto akiambiwa hapa kwamba kosa ni lake, kesho yumo ndani ya basi la Kibwezi na Mumo wangu pajani. Mimi ni mtu mzima. Nikichekwa, wakicheka watatoka jasho, watakwenda zao."

Nilitaka kumshika mguu. Akauondoa, si kwa hasira.

"Lakini nimengoja," akasema. "Jumapili nimengoja uye unambiye. Jana nimengoja. Ulipopita mlangoni ukaniamkua, nikasema, ndiye huyo, sasa aniambiya. Ukapanda ngazi."

Wasomaji wangu, nimewahi kutukanwa. Nimewahi kufukuzwa kazi ya ndani nikiwa na mimba ya miezi saba. Hakuna kilichoniuma kama sauti ile isiyo na ugomvi.

"Nitasema," nikalia. "Nitasema leo, mbele ya baraza lote. Kwanza nikalitie faili jipya, gari lisi..."

Simu ikalia. Bwana Gaffar.

"Mama Mumo, uko wapi?"

"Naja, Bwana Gaffar. Ndiyo kwanza saa tisa, si tumesema saa kumi?"

"Sikiliza kidogo." Sauti yake haikuwa ya mzaha. "Ile petroli tuliyomwaga jana niliitia madumu mawili, nikaiacha itulie. Maji hukaa chini, petroli hukaa juu, hata mtoto anajua. Nimetazama sasa hivi kwa tochi. Hamna maji. Hamna tone. Petroli safi kama ilivyotoka kituoni."

Nikamtazama Bi Mwanarusi. Alikuwa anasikia kila neno. Simu yangu ni ya zamani, husema na nyumba nzima.

"Gari liko wapi?" nikauliza.

"Ndilo jambo la pili. Kioko amepata ruhusa mapema kazini. Amelichukua tangu saa saba. Alisema anakwenda Shimanzi kulipasha moto, ukija likukute tayari."

"Na... jedwali?"

"Jedwali lile lile lako. Si tulikubaliana lisiguswe?"

Tangu saa saba. Barabara imenyooka, tangi limejaa petroli mpya, na mwanamume ambaye ameambiwa mke wake hana kosa. Atakanyaga. Nani asingekanyaga?

"Mpigie!" nikasema. "Mpigie, Bwana Gaffar, mwambie asifike gia ya tatu!"

"Nimempigia mara sita. Hashiki." Kisha akafanya jambo ambalo tangu nimjue hajawahi kulifanya: akaniita kwa jina langu. "Ndinda. Kuna kitu hukuniambia?"

Kazi yangu ilikuwa ndani ya swali lile. Kazi, na chumba chetu cha juu, na "baba" ya Mumo. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza hata kusema pengine kombe lilikauka, na angalau nusu ya Kuze ingeniamini.

Bi Mwanarusi akainuka, akamfungua Mumo mgongoni mwangu, akamweka kiunoni mwake. Akausukuma mlango ukawa wazi kabisa, mwanga ukaingia hadi mkekani.

"Kipo," nikasema.

Nikasikia simuni spana ikianguka sakafuni, na mafundi wake wakiulizana kitu, na mtu akisema, "Pole, bwana, kaa kwanza."

"Basi njoo ukiseme hapa," Bwana Gaffar akasema polepole. "Kioko ndiye huyu anaingia. Na amekuja kwa miguu."